Sehemu ya Mwajiri

Otto von Bismarck hakuwa rafiki wa wafanyakazi. Hata hivyo, mwaka 1883 serikali yake, ikihofia nguvu za wasoshalisti wa Ujerumani, ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa: mfanyakazi achange theluthi mbili, mwajiri theluthi moja. Uingereza ikafuata mwaka 1911 kwa sheria ya David Lloyd George. Kila wiki mwanamume aliyeajiriwa alikatwa peni nne, mwajiri akatoa tatu, serikali mbili. Katika sheria hizo zote mbili, mwajiri hakuachwa aende zake bila kutoa kitu.

Kenya ilimwacha.

Enzi za ukoloni matibabu ya kibarua yalitegemea aliyemwajiri. Reli ilikuwa na waganga wake, mashamba makubwa ya chai ya Kericho zahanati zake. Jijini Nairobi, Wazungu walifunguliwa European Hospital mwaka 1954, ndiyo Nairobi Hospital ya leo, huku Mwafrika akielekezwa King George VI, ambayo sasa ni Kenyatta. Uhuru ulipofika, serikali ilifuta mwaka 1965 ada ya wagonjwa wa nje katika hospitali za umma, na mwaka uliofuata ikaanzisha NHIF, hazina ya taifa ya bima ya hospitali. Aliyepata mshahara wa shilingi 1,000 na zaidi kwa mwezi alikatwa shilingi 20. Kwa mishahara ya siku hizo, hao walikuwa wachache sana. Mwajiri kazi yake ilikuwa kukata na kuwasilisha. Mfukoni mwake hakutoa kitu.

Kasoro hiyo ilibaki hata mengine yalipobadilika. Desemba 1989 ada zilirudi hospitalini kwa jina la kugawana gharama. Mwaka 1990 makato ya NHIF yalipangwa kwa viwango, cha juu kikiwa shilingi 320, kisha yakasimama hapo hadi 2015, miaka 25 ambayo bei ya dawa na kitanda haikusimama hata siku moja. Mgonjwa wa nje alikuwa hana lake katika hazina hiyo. Pengo likajazwa na kampuni za kibinafsi, kama AAR iliyoanzishwa mwaka 1984. Waajiri wenye uwezo wakawanunulia watu wao bima, tena kwa vyeo: meneja ana kiwango chake, karani chake, na mfagizi, aliyeletwa na kampuni ya kandarasi, hana kabisa. Kazi ikiisha, kadi inarudishwa, hata kama ugonjwa umebaki.

Waziri Charity Ngilu alijaribu kuunganisha nchi nzima chini ya bima moja mwaka 2004. Bunge likapitisha mswada wake, Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini.

Ilichukua karibu miaka 20 kabla ya Rais William Ruto kutia saini sheria mpya, Oktoba 2023. Tangu Oktoba 2024 NHIF imeipisha SHA, mamlaka mpya ya afya ya jamii, na makato ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000, aliyekuwa akikatwa 750, sasa anakatwa 550. Wa 500,000 amepanda kutoka 1,700 hadi 13,750. Hapo sina ugomvi, mwenye nacho amsaidie asiye nacho.

Lakini hebu tazama hati ya mshahara vizuri. Makato ya NSSF, hazina ya akiba ya uzeeni, mwajiri anaongeza kiasi kile kile. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, anaongeza. Kati ya michango hiyo, wa afya peke yake ndio unaolipwa na mfanyakazi mwenyewe, vilevile kama mwaka 1966. Waajiri watasema tayari wanalipia bima ya kibinafsi. Ni kweli, ila wanamlipia nani? Mlinzi wa lango ana SHA tu. Wabunge wakiirudia sheria hii, kifungu cha kwanza kurekebishwa kiwe cha michango: mwajiri naye achange asilimia 2.75, na bima ya kibinafsi ibaki nyongeza kwa anayeitaka.