Muganga aliyekataa mgonjwa aje peke yake

Ukurasa wetu wa historia mara hii ni wa mtu ambaye hatujamsikia sana huku kwetu Fizi, lakini kazi yake inatugusa moja kwa moja. Ni Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili, mzaliwa wa Abeokuta, Nijeria, mwaka 1923.

Wakati wa Waingereza, mtu aliyeharibikiwa akili Nijeria, kama alisumbua watu, alifungiwa Yaba, kule Lagos, ao Calabar. Nyumba hizo zilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kazi yake ilikuwa zaidi kumuondoa mgonjwa mbele ya macho ya watu kuliko kumponya. Wataalamu wa wakati ule nao walikuwa na maneno yao. Mwaka 1953, OMS ilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari Mzungu aliyefanya kazi Kenya. Ndani yake alilinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa ubongo wa mbele. Kumbe hata mwenye afya, kwa macho ya kitabu kile, alikuwa tayari nusu mgonjwa!

Lambo alisomea udaktari Birmingham, kisha akajifunza magonjwa ya akili London. Aliporudi, alipewa kazi ya hospitali mpya ya Aro, kando ya Abeokuta. Mwaka 1954 majengo yalikuwa hayajaisha. Mwingine angengoja fundi amalize. Yeye aliangalia vijiji vinne vilivyozunguka hospitali, akaongea na wazee wa pale, akaanza na kile kilichokuwapo.

Sharti lake lilikuwa moja: mgonjwa aje na ndugu yake, hata mmoja tu, awe mama, dada ao kaka. Wote wawili walipanga chumba kwa mwanakijiji. Asubuhi walikwenda hospitali kwa matibabu, kisha walirudi kijijini. Ndugu alipika, alifua, alimsindikiza. Mgonjwa aliendelea kusalimiwa njiani, kusikia ngoma, kutumwa kazi ndogo kama mtu mwingine. Waganga wa kienyeji nao walipewa nafasi, juu watu waliwaamini, lakini dawa za hospitali zilibaki mikononi mwa madaktari.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Siku hizi tunasikia sana neno hili: jamii itunze wagonjwa wake. Ni neno zuri, lakini mara nyingi maana yake ni kwamba mama abebe mzigo peke yake. Lambo hakufanya vile. Wanakijiji walilipwa kodi ya vyumba. Hospitali iliwasaidia wenye nyumba kupanua nyumba zao, ikaleta maji safi na vyoo. Kijiji kilipata faida kwa kumpokea mgonjwa. Ndiyo sababu kilimpokea.

Mwaka 1955 Lambo aliandika utafiti wake juu ya Wayoruba, akionyesha namna maisha na desturi za mtu zinavyobadilisha sura ya ugonjwa, bila kumfanya Mwafrika awe kiumbe wa aina nyingine. Mwaka 1961 aliwakusanya Abeokuta madaktari wa akili katika mkutano wa kwanza wa namna hiyo kwa Afrika nzima. Mwaka 1973 akawa naibu mkurugenzi mkuu wa OMS, shirika lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers miaka 20 mbele yake. Alibaki kwenye cheo hicho hadi 1988. Alifariki mwaka 2004.

Sasa turudi kwetu. Tuliporudi na meli toka Kigoma, sisi wa kazi ya terain tulipita nyumba kwa nyumba, Baraka na vijiji vya kando ya ziwa, kuandika majina. Tuliuliza bashi ngapi, masufuria mangapi, majembe mangapi. Nyumba moja, mama alituambia ako na watoto wanne. Nyuma ya jiko tuliona wa tano, kijana, mguu umefungwa kamba kwenye mti. Mama akasema, « Huyu musimuandike. Akili yake ilipotea tangu Lugufu. » Nasi hatukumuandika. Karatasi yetu haikuwa na mstari wake. Tulimpa mama vitu vya watu watano, yeye na wale wanne, tukaenda nyumba ya pili.

Hatumlaumu mama. Alikuwa na shamba la kulima, na hakuwa na mtu wa kumuachia mtoto. Kamba ile ilikuwa gardemalade wake.

Leo kasha yetu inalipa fakture ya mgonjwa, lakini hailipi chakula cha anayemsindikiza wala safari yake. Kwa malaria ya siku tatu, tunavumilia. Kwa mgonjwa wa akili anayepaswa kwenda mpaka SOSAME, Bukavu, ao kurudi kituo cha afya kila mwezi kuchukua dawa, sheria hiyo inamaanisha asiende kabisa.

Kwa hiyo, kwenye mkutano mkuu unaokuja tutaleta mapendekezo mawili. La kwanza, kasha ilipe safari na chakula cha ndugu mmoja anayemsindikiza mgonjwa wa akili, na jirani wamsaidie kulima shamba lake. La pili, fomu zetu zote ziwe na swali: ni nani katika nyumba hii ambaye hamkumtaja? Wafadhili wetu, tunajua fedha ya chakula cha msindikizaji haionekani vizuri kwenye ripoti kama bashi. Tunawaomba muikubali hivyo hivyo.

Kwenye nyumba ile ya nyuma ya jiko tumekwisha kurudi. Mama yuko tayari kwenda na kijana wake Bukavu. Anangoja jibu la mkutano.