Boriti za Lamu, AC za Dubai

Baada ya kipindi kilichopita tuliulizwa swali fupi: kabla ya AC, watu wa Dubai walilalaje? Jibu lake linatuhusu sisi wa pwani kuliko nilivyodhani.

Nenda Al Fahidi, mtaa ambao wengi bado wanauita Bastakiya kwa sababu ulijengwa na wafanyabiashara waliotoka Bastak, Uajemi, kuanzia mwisho wa karne ya 19. Ile minara ya mraba juu ya nyumba ndiyo barjeel. Iko wazi pande zote nne, na ndani ina kuta zilizokatizana ili upepo wa upande wowote unaswe na kushushwa chumbani. Hewa yenyewe haipozwi sana, inatembezwa tu, na mwili wenye jasho ukipulizwa unapoa.

Halafu ingia ndani, tazama dari. Boriti! Ni mikoko iliyokatwa Lamu na delta ya Rufiji, ikapakiwa majahazini, ikangoja kusi ndiyo ije Ghuba. Vyumba vya zamani vya huku ni vyembamba, mita 3 hadi 4, maana boriti haivuki zaidi ya hapo. Yaani upana wa chumba cha tajiri wa Dubai uliamuliwa na mti wa kwetu. Shuleni huku hatukufundishwa hilo. Familia zetu nyingi zilikuja kutoka Unguja na Pemba baada ya 1964, na tumezoea kujieleza kama wageni. Kumbe mbao zilitutangulia.

Kampuni ya Umeme ya Dubai ilianzishwa 1959, mafuta yakagunduliwa 1966. Saruji na AC zikaingia kwa pamoja. AC ni pampu ya joto ya njia moja: gesi inachemka kwenye koili ya ndani huku ikinyonya joto la chumba, kompresa inaibana mpaka iwe moto kushinda hewa ya nje, hata nje kukiwa digrii 45, kisha joto linatemwa huko. Hakuna baridi inayotengenezwa. Joto linahamishwa tu, ndiyo maana uniti 1 ya umeme inaweza kuhamisha kama uniti 3 za joto. Ukiongeza vali ya kugeuza njia, mashine ileile inapasha chumba. Zipo hapa Dubai, ila Januari usiku kwa digrii 14 nani anaiwasha? Mama yangu.

Na lile joto halijatoka mjini. Pita vichochoro vya Deira saa nane mchana uone linakotemewa, na nani wanapita hapo.

Barjeel ilitaka nyumba iwe wazi, AC ikataka ifungwe. Nondo nazo zikavuka upana wowote. Nusu ya Bastakiya ikabomolewa miaka ya 1980. Lamu, lawama za kufa kwa biashara ya boriti huenda kwa marufuku ya serikali ya Kenya ya kuziuza nje. Ilichangia, sawa, lakini kwa maoni yangu mnunuzi wa huku alikuwa ameshaanza kuondoka kabla.