Dau na Hila katika Biliadi

Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1845 ilitaka meza za biliadi za umma ziwe na leseni. Kifungu cha 17 kilimwadhibu mtu aliyejishindia fedha, au kuwashindia wengine, kwa hila katika mchezo au katika dau lililowekewa wachezaji. Pasipo ushindi hapakuwa na kosa hilo. Sheria ya mwaka 2005 ilipanua maana: hila ni kosa hata isipoleta faida. Mwaka 2023 wachezaji 10 wa snuka, mchezo ulio jamii moja na biliadi, waliadhibiwa. Wawili walifungiwa maisha. Basi mfasiri asitosheke na “ushindi wa hila”. Akosaye mpira makusudi hushindwa mezani ili mweka dau ashinde nje. Huo ndio “upangaji matokeo”, nao wastahili istilahi yake.