Kiti cha Enzi Kwenye Keja ya Kware

Wasee, hebu tuongee viti. Hapa Kware mgeni akiingia keja ya chumba kimoja anakalishwa kitandani. Kile kiti kimoja cha plastiki kinangoja mjomba ama pasta. Sisi wengine ni jerikeni. Nilidhani hii ni shida ya mtaa tu, hadi nikakutana na kiti cha enzi cha Lamu.

Kimoja kiko kwenye makumbusho ya Lamu, picha zake zimejaa mtandaoni. Kimesimama wima kama askari wa geti. Mbao ni mpingo, nyeusi tititi, na ndani yake wamepachika vipande vya pembe za ndovu. Mgongoni kuna kamba zimesukwa kama wavu, na mbele chini kuna pa kuweka miguu. Si kiti cha kujilaza ukicheki simu, buda. Ukikikalia unanyooka, utake usitake.

Vilikaa kwenye nyumba za mawe za matajiri wa pwani, na anayekalishwa hapo ni mtu mzito. Enzi ni mamlaka, jina lenyewe limejieleza. Hata neno letu mwenyekiti ukilivunja ni mwenye kiti, yaani wengine wako chini. Na si Waswahili pekee. Uingereza ya miaka ya 1400, nyumba nyingi zilikuwa na mabenchi, stuli na makasha ya mbao za mwaloni. Kiti chenye mikono kilikuwa cha mkubwa wa nyumba.

Wataalamu hubishana muundo ulitoka wapi: Misri, Ureno ama India. Mimi naona fundi wa pwani aliona vya wote bandarini, akachagua alichopenda.

Lakini kuna kitu picha haikuonyeshi. Pembe zilifika pwani mabegani mwa watu, kutoka bara. Mashamba yaliyowatajirisha wengi wa wenye nyumba hizo yalilimwa na watumwa. Hao walikipangusa vumbi hicho kiti, labda, lakini kukikalia? Thubutu. Watu wakisema "urithi wetu" huwa najiuliza mimi ningekuwa upande gani wa hicho chumba.

Halafu hata wenyewe hawakudumu. Utenzi wa Al-Inkishafi unalilia majumba ya Pate yaliyobaki magofu, vile vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kichina vikawa viota vya ndege.

Kwetu pia kulikuwa na kiti cha enzi. Kochi la mtu mmoja, mbao za saiprasi, limetengenezwa kando ya barabara, na kitambaa cheupe mgongoni. La baba. Akiwa kazini hakuna aliyelikalia, na hata alipofariki hatukulikalia. Mama alikuwa akilipangusa kila Jumapili.

Nilipoitwa chuo, karo ikapelea, akaliuza. Sikumuuliza bei. Mwaka wa pili nikaacha chuo, hiyo ni stori ya siku nyingine.

Pale lilipokuwa, kati ya mlango na mtungi wa gesi, sasa kuna jerikeni mbili za maji. Stima ikipotea usiku, mama akienda mlangoni bado anazunguka kwa mbali, kama kochi bado liko.