Kwikwi na Dawa Zake Tangu Enzi za Wagiriki

Mwaka 416 K.K. mshairi Agathon alialika watu nyumbani kwake Athens kusherehekea ushindi wake katika mashindano ya tamthilia. Wageni wakakubaliana kwamba kila mmoja atoe hotuba ya kuusifu upendo. Zamu ya Aristophanes, bingwa wa michezo ya kuchekesha, ilipofika, akawa ameshikwa na kwikwi. Akamgeukia daktari Eryximachus aliyekaa karibu naye: nitibu, au nisemee.

Daktari akakubali yote mawili. Abane pumzi, alisema. Zikikataa, asukutue koo kwa maji. Zikizidi ukaidi, ajitekenye pua mpaka apige chafya. Chafya ndiyo iliyozikomesha, kama anavyosimulia Plato katika Symposium. Na ushauri huo haukuwa wa kubahatisha, kwani umo pia katika maandishi ya tiba yanayohusishwa na Hippocrates.

Zaidi ya karne 23 zimepita, na dawa ni zile zile. Mwenye kwikwi bado huambiwa abane pumzi, anywe maji bila kupumzika, au hushtuliwa kwa nyuma. Watu hawakuzishikilia bure. Kwikwi hutokea pale kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinapojikaza ghafla na kuvuta hewa. Papo hapo njia ya hewa kooni hufunga, na sauti ile hutoka. Pumzi ikibanwa au maji yakimezwa mfululizo, mdundo huo huweza kukatika.

Mara nyingine haukatiki. Papa Pius XII alisumbuliwa nazo sana mwaka 1954. Lakini aliyezijua kuliko wote ni Charles Osborne, mkulima wa Iowa, Marekani. Mwaka 1922 alikuwa akimtundika nguruwe wa kuchinja, akaanguka, kwikwi zikaanza. Zilikoma Februari 1990.

Miaka 68! Mwanzoni zilimjia mara 40 kwa dakika, baadaye 20. Hata hivyo alioa mara mbili, akapata watoto 8, na akajifunza namna ya kupumua iliyozima ile sauti. Uzeeni chakula chake ilibidi kisagwe. Rafiki mmoja aliwahi kufyatua bunduki ya mitutu miwili nyuma ya mgongo wake. Osborne alishtuka, kwikwi hazikushtuka.

Mwaka 1971 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya dawa iliyomo katika kila jiko: kijiko kimoja cha chai cha sukari kavu, imezwe bila maji. Kati ya wagonjwa 20, walipona 19. Idadi ni ndogo, lakini inapendeza kuona kopo la sukari likipewa nafasi katika jarida kubwa namna hiyo.

Kwa mtoto mchanga, akina mama wengi wa Afrika Mashariki huchomoa kijiuzi, wakakilowesha mate na kukibandika kwenye paji lake la uso. Mwaka 2019 watafiti wa University College London waliwapima watoto wachanga 13, wakaona kila kwikwi inazua mawimbi ya umeme ubongoni. Wanadhani huenda ndivyo mtoto anavyojifunza kuitawala misuli ya kupumulia. Kijiuzi hakimdhuru, na kwikwi zake huondoka zenyewe; za mtu mzima zikipita siku 2, aende zahanati.