Kadibodi Ukutani

Mtu hudharau kitu kwa kuwa amezoea kukiona kikitupwa. Kadibodi ni kitu cha namna hiyo: huingia nyumbani imebeba mzigo, na mzigo ukishatolewa, hupelekwa jaani. Hata hivyo historia yatuonyesha kwamba karatasi imepata kusimama mahali pa heshima, yaani katika ukuta wa nyumba, baina ya mwanadamu na baridi.

Yafaa tujue kwanza nguvu yake yatoka wapi. Karatasi peke yake si ajabu. Ajabu ni hewa iliyofungwa ndani yake. Hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo mno, lakini hewa itembeayo hulichukua joto ikaenda nalo. Karatasi ya mikunjo ilipata hati ya uvumbuzi Uingereza mwaka 1856, kwa jina la Healey na Allen, nayo ilikusudiwa kutiwa ndani ya kofia ndefu za mabwana. Mwaka 1871 Albert Jones wa New York alipata hati ya kufungia chupa kwa karatasi ya namna hiyo. Masanduku yalifuata baadaye. Na yalipoenea, maskini walipata kitu cha kuzibia nyumba zao.

Kusini mwa Marekani, wakulima waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno waliishi katika vibanda vya mbao zilizoachana. Upepo ulipita nyufani, nao wakabandika magazeti na kadibodi kwa uji wa unga. Picha zilizopigwa huko Alabama katika miaka ya 1930 zaonyesha kuta zilizobandikwa karatasi hivyo. Mgeni aliona ufukara tu. Mwenye nyumba alijua kuwa anawakinga wanawe na baridi.

Wala si maskini peke yao walioitumia karatasi. Elis Stenman, fundi wa mitambo, alianza mwaka 1922 kujenga nyumba ya kiangazi huko Rockport, Massachusetts. Kiunzi, sakafu na paa vilikuwa vya mbao, lakini kutani alibandika magazeti tabaka juu ya tabaka, hata unene ukakaribia inchi 1, akayapaka vanishi. Magazeti yaliyokusudiwa kuzuia baridi yakawa ndiyo ukuta wenyewe, na nyumba ile ingali imesimama.

Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe, Ujapani, na watu zaidi ya 6,000 wakafa. Miongoni mwa waliokosa makao walikuwamo watu wa Vietnam waliokuwa wamekimbilia nchi hiyo. Msanifu Shigeru Ban, akisaidiwa na watu wa kujitolea, aliwajengea vijumba vya karatasi. Misingi ilikuwa makreti ya bia yaliyotiwa mifuko ya mchanga. Kuta zilikuwa mabomba ya karatasi nene yaliyosimamishwa safu moja, na katikati yake utepe wa sponji wa kuzuia maji. Paa la turubai liliweza kuachwa wazi wakati wa joto ili hewa ipite, na kufungwa wakati wa baridi ili joto libaki.

Basi twaona kuwa karatasi ya Alabama na ya Rockport zilikuwa za jinsi moja. Kilichozitenga ni vanishi na paa lisilovuja. Karatasi ina maadui watatu, maji, moto na wadudu, na ikilowa, hewa hutoka, na kinga hutoka pamoja nayo. Afadhali mjenzi aseme haya waziwazi kuliko kumsifia mnyonge kadibodi akamwacha mvuani.

Kosa, kwa hiyo, halikuwa la kadibodi, wala la aliyeibandika. Mnyonge alifanya kwa akili yake yote yaliyokuwa katika uwezo wake. Aibu ni ya wale waliokuwa na mbao na vanishi, wakapita mlangoni pake, wakacheka.