Saratani na kazi

Saratani na kazi ni mada inayohusu afya na haki za watu wanaoendelea na kazi wakiwa na ugonjwa wa saratani au wakiwa katika matibabu yake. Wengi huendelea kwa sababu ya mshahara, bima ya afya na haja ya kujitegemea. Hata hivyo, madhara mengi ya ugonjwa hayaonekani kwa macho, na ratiba ya matibabu hailingani na ile ya kazi.

Matatizo ya kiafya

Uchovu ni kati ya matatizo yanayowapata wengi. Hauishi kwa usingizi wa usiku mmoja, na unaweza kuendelea miezi kadhaa baada ya tiba kumalizika.

Tibakemikali hupunguza seli nyeupe za damu, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Wakati huo mwalimu darasani au muuguzi wodini huambukizwa magonjwa kwa urahisi, na homa ni dharura. Baadhi ya dawa husababisha ganzi ya vidole, hivyo kushona au kuandika huwa kugumu. Wengine husahausahau. Aliyeondolewa tezi za limfu za kwapani anaweza kuvimba mkono.

Likizo ya ugonjwa

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mwenye cheti cha daktari angalau siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mizunguko 6 ya tibakemikali, kila mmoja wa siku 21, huchukua pia siku 126. Anayehitaji upasuaji au mionzi zaidi ya hapo hubaki bila akiba, ndiyo maana wengine hurudi kazini kati ya dozi na dozi.

Mionzi kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Vituo ni vichache, vikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road mjini Dar es Salaam na Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, hivyo mgonjwa wa mbali hulazimika kuhama kwa muda.

Waliojiajiri, kama mama lishe, hawana likizo hiyo. Siku ya kliniki ni siku isiyo na kipato.

Msaada kazini

Mwajiri anaweza kupunguza saa, kubadilisha majukumu, kuruhusu mapumziko mafupi na kupanga kazi nzito katika wiki ambayo nguvu zimerudi. Habari za ugonjwa ni siri ya mgonjwa, na wenzake wanapaswa kuelezwa kwa ridhaa yake tu.